Komeo la Sehemu ya Tano

Ngo. Naisikia kabla sijaona kitu. Ngo, ngo, chuma juu ya chuma, kutoka ng'ambo ya bonde, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye boriti ya baraza la shule, na mlinzi anaigonga kuwaambia watahiniwa waanze kukusanyika. Nimefumba macho. Nimelala chali juu ya meza ya kazi katika karakana yangu, harufu ya mninga puani, maranda chini ya kisogo, na ninajiambia kwamba hiyo ni mara ya kwanza tu, kwamba itagongwa mara ya pili wapange mstari, na mara ya tatu geti lifungwe, kwa hiyo muda upo, na hata usipokuwepo, mimi si mtahiniwa. Mimi ni mwalimu wao. Miezi saba nimewafundisha, watu wazima kumi na mmoja waliofeli au kukatishwa shule, humu humu kati ya milango isiyopakwa rangi, tamthilia moja ya kale ya Kiingereza, onyesho kwa onyesho, dhamira kwa dhamira, mimi ambaye sikukanyaga kidato cha tano, niliyejifundisha mizani kwa kuhesabu misukumo ya randa, nane kwenda, nane kurudi, mpaka wilaya nzima ikaniita Malenga. Dada yangu Nakiete ni mmoja wa hao kumi na mmoja. Alishafeli mara moja. Leo ni mara yake ya pili, na chuo cha ualimu kilichokubali kumsubiri kimesema hakitamsubiri mara ya tatu.

Na kitabu kilikuwa kimoja. Hilo ndilo linalonifanya nifumbe macho mchana kweupe. Kitabu kilikuwa kimoja na hakikutoka mkononi mwangu; mimi nasoma kwa sauti, wao wananukuu kwenye madaftari, ndivyo tulivyosoma siku zote. Tamthilia ina sehemu tano. Kitabu chetu kina nne. Kurasa za mwisho zilifungiwa ugoro na mjane wa mwalimu aliyekiacha, nilikuta ncha zake tu zimebaki kwenye gundi. Mfalme anaondoka kwenda vitani na kumwapisha bawabu wa mji asifungue lango kwa kiumbe yeyote mpaka yeye mwenyewe arudi. Mfalme anafia ugenini na bawabu hajui. Binti ya bawabu amebaki nje, theluji inaanguka, anagonga. Na sehemu ya nne inakwisha baba ameweka mkono juu ya komeo. Basi. Kinachofuata ni ugoro. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikasema nimesoma mwisho wake mjini, nimeuhifadhi kichwani, na nikautunga mwenyewe kwa beti kumi na nane, baba hafungui, binti anakufa theluji imemfunika huku akimsamehe. Walilia. Chedieli, yule wa kinu cha kukoboa, akasema hata huyo Mwingereza angekuja kuniomba kalamu. Asubuhi ya leo Nakiete ameniuliza kwa nini sehemu zote nazisoma kitabuni, ila ya tano naisema tu. Nikamjibu kwa ukali kwamba aliyehifadhi hahitaji karatasi. Akacheka, akasema haya Malenga, mimi nakuamini wewe kuliko kitabu. Nami nikaja kulala hapa.

Ngo. Safari hii mlio hautoki ng'ambo ya bonde, unatoka mlangoni, mlango ule wa mninga niliouegemeza ukutani jana ukiwa hauna fremu wala bawaba, na ninashuka mezani kwenda kuufungua, na mlango unafunguka ukuta ukiwa pale pale, na nyuma yake pana barabara. Barabara ni nyeupe. Naikanyaga na inalia chini ya miguu, kwa hiyo najua ni theluji, nami sijawahi kuona theluji, ila nikiinama nakuta ni maranda, maranda membamba yaliyojikunja, yanaanguka kutoka juu kana kwamba kuna mtu angani anapiga randa bila kupumzika. Natembea. Barabara inapinda kushoto na ninapinda nayo, inapinda tena kushoto, na tena, na kwa hesabu ya fundi ningekuwa nimesharudi nilipoanzia, lakini mlango haupo na mbele yangu pana mji. Ni mji wetu. Naijua misikiti miwili na kanisa la mabati mekundu, najua duka la kona, ila vyote vimegeuzwa, kulia kuko kushoto, na maandishi juu ya duka yanasomeka kutoka mwisho kurudi mwanzo kama yaonekanavyo kwenye kioo. Katikati ya mji kuna jukwaa na mbele yake madawati, na juu ya madawati wameketi watu wenye kalamu. Juu ya jukwaa mtu mwenye taji anamwapisha mtu mwenye funguo. Pembeni anasimama mwenyeji, mrefu, amevaa kanzu isiyo na rangi, na anaponigeukia naona hana uso. Pale pa uso ni ubao uliopigwa randa vizuri, nyuzi za mti zinaonekana, hapana tundu hata moja.

Ananiuliza naona nini. Nafurahi, maana hilo ndilo swali langu, swali ninalowauliza wao kila Jumamosi, na nawaka kama kawaida yangu, namwambia naona dhamira ya wajibu, naona dhamira ya utii na mamlaka, naona kiapo kama ishara, na naendelea mpaka pumzi inaniishia. Anasikiliza. Halafu anasema nimemtajia majina ya masanduku, yeye ameuliza yana nini ndani. Nakasirika. Namwambia asiyekuwa na macho asinifundishe kuona. Anasema kwa upole, kitendawili. Na mdomo wangu, uliolelewa jioni ngapi kwenye mikeka ya bibi, unajibu wenyewe, tega. Anasema, kila siku tunazikwa na kesho yake tunaamka kugombana pale pale. Hiki ni rahisi, nasema ni watu wa tamthilia, na watu wote madawatini wanaandika jibu langu, na kifua changu kinajaa. Namwomba anionyeshe njia ya kwenda sehemu ya tano. Anasema barabara ni hiyo hiyo, niifuate mpaka nisiijue. Naifuata na naijua kila hatua.

Mji wa pili ni ule ule tena, umegeuzwa mara mbili, kwa hiyo maandishi yanasomeka vizuri lakini watu wanatembea kinyumenyume, na jukwaani mfalme anakufa katika nchi ya mbali huku bawabu, hatua tatu tu kutoka kwake, akipangusa kutu kwenye lango na kuimba. Nataka kumwambia. Napanda jukwaani, nampigia kelele sikioni kwamba aliyemwapisha ameshakufa, na sauti yangu inatoka kama vumbi la mbao, linamwangukia begani, analipangusa na kuendelea. Mwenyeji mwingine yuko pembeni, au yule yule, ubao wake una nyuzi zilizolala upande mwingine. Kitendawili, anasema. Tega, nasema. Mlango una pande mbili, wa tatu uko wapi? Nafikiri. Sijui. Nahisi lile neno likipanda kooni, sijui, neno fupi hivyo, na nahisi madawati yote yamenigeukia na kalamu zimeinuliwa. Mchezo una sheria yake na kila mtoto wa kwetu anaijua: ukishindwa, unasema nimeshindwa, aliyetega anasema nipe mji, unampa mji, naye anakupa jibu. Mimi sikuwahi kutoa mji. Wenzangu walikuwa wanagawa Same, wanagawa Mombasa na Makka, wanacheka, wanapewa jibu. Mimi nilitunga jibu langu nikabishana nalo mpaka wakubwa wakachoka na kwenda kulala, na Nakiete peke yake akibaki ameketi, ananiambia basi, umeshinda, twende ndani. Kwa hiyo sasa nanyoosha mgongo na kumjibu mwenyeji kwamba upande wa tatu wa mlango ni kaburi, na naliweka jibu kwenye vina, linasikika vizuri sana, na nangoja abishe. Habishi. Anasema haya, iwe hivyo, sisi huku hatubishani na jibu, linalosemwa linakuwa. Na milango ya mji mzima inalegea kwenye bawaba, mmoja baada ya mwingine, inalala chini chali, na kila mlango unakuwa mfuniko wa shimo, na watu waliokuwa nyuma yake hawaonekani tena.

Namwambia nilikuwa natunga tu. Narudia, nilikuwa natunga, ni sanaa. Namuuliza jibu la kweli lilikuwa lipi. Anasema hata yeye halijui, ndiyo maana aliniuliza.

Sasa nakimbia, na kukimbia hapa ni sawa na kusimama, barabara inanipita chini ya miguu mbio mbio na mimi niko pale pale, na pembeni mwa barabara wamekaa wanafunzi wangu mmoja mmoja, kila mmoja na daftari gotini, wananukuu. Nampita mwenye kofia ya Chedieli, namwambia acha kuandika, Chedieli, na yeye anaandika acha kuandika, anapiga mstari chini yake kwa rula, na ubao wake unanitazama akingoja nukuu inayofuata. Kila ninachosema kinaingia daftarini. Nanyamaza, na wananukuu kimya changu, wanaacha nafasi ya mistari miwili. Ndipo nasikia tena ile ngo, nzito, polepole, na najua ni ngumi ya mtu juu ya mbao, na barabara inakwisha kwenye lango.

Lango ni refu kuliko kanisa. Nje yake, katika maranda yaliyofika magotini, amesimama binti ya bawabu, amejifunga kitenge, si vazi la Kizungu, ni kitenge cha njano chenye majani ya kahawa, na nakijua kitenge hicho, nilikianua kwenye kamba jana. Anagonga. Ananisikia nyuma yake na anageuka, na hana uso, ila sauti ni ile iliyoniambia twende ndani. Anasema, umefika, mdogo wangu. Nimegonga tangu sehemu ya nne, hakuna kinachofuata, mkono nausikia juu ya komeo lakini haufungui wala hauondoki. Wewe ulisema umesoma mpaka mwisho. Sasa nifanye nini?

Nataka kumwambia sijui, dada. Nafungua mdomo na kinachotoka ni ubeti. Baba komeo liache, nalala kwenye theluji, usiku na unifiche, sina ninachohitaji. Ni mzuri. Hata sasa, hata pale, nasikia kwamba ni mzuri, vina vimekaa kama mbao mbili zilizounganishwa bila msumari, na Nakiete anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa, anaacha kugonga, anapiga magoti. Natoa ubeti wa pili na analala ubavu. Wa tatu, anakunja mikono. Maranda yanamwangukia kwenye bega, kwenye shingo, na nyuma yangu kalamu kumi zinakwaruza. Namshika mkono kumwinua na ubeti wa nne unauondoa mkono wangu, maana katika ubeti wa nne nilisema hakuna mkono utakaomgusa, nilihitaji silabi. Nauma ulimi na ubeti wa tano unapita katikati ya meno. Najaza kinywa maranda, nayashindilia kwa vidole mpaka machozi yananitoka, na wa sita unatoka puani. Najua idadi yake. Ni kumi na nane, niliuhesabu kila mmoja kwa randa, na hakuna hata mmoja unaoweza kurukwa, nilijivunia hilo, niliwaambia kwamba ubeti mmoja ukiondolewa shairi zima linaanguka. Ubeti wa tisa unafunika magoti yake. Ananiambia kutoka chini kwamba anasikia baridi, na kwamba si kitu, kama ndivyo ilivyoandikwa.

Naligeukia lango. Nalisukuma, natafuta ufa, nataka kumwomba yule mzee afungue, mfalme ameshakufa, kiapo chake hakina mwenyewe, afungue tu, na katika kusukuma najikuta niko ndani, lango liko mbele yangu na baridi iko upande wa pili, na hapa ndani hakuna mzee yeyote. Kuna mkono juu ya komeo. Una kovu la patasi kwenye kidole gumba. Ni wangu. Nauamuru uvute na hauvuti. Nauamuru uachie na hauachii. Naushika kwa mkono wangu mwingine kama mtu anavyoshika mkono wa mlevi, navuta kwa uzito wangu wote, na komeo halisogei hata unene wa unyoya, kwa sababu sehemu ya nne inakwisha hapo na mimi sina ukurasa unaofuata. Nje sauti yangu mwenyewe inaendelea bila mimi, wa kumi na mmoja, wa kumi na mbili.

Kitendawili, anasema mtu. Ni mwenyeji, amesimama gizani pembeni ya lango, na safari hii ubao wake haujapigwa randa, una mabanzi. Anangoja, na nje ni wa kumi na tatu. Tega, nasema. Anasema, nyumba yangu ina vyumba vitano, vinne nimeishi, cha tano sijakiona, na ndicho nilichowalaza wageni.

Hiki nakijua. Naapa hakuna kitendawili nilichowahi kukijua kama hiki, kinanichoma kama chuma kilichotoka motoni, na hao kumi wako nje wananisikia, na ili nikijibu sharti niseme ni nini na ni cha nani. Nafungua mdomo. Na mimi niliyebishia vitendawili vyote nisivyovijua, kimoja nikijuacho nasema, nimeshindwa. Nipe mji, anasema. Nampa Same. Anasema huo umeshatolewa na wengine. Nampa Mombasa, anasema hujawahi kukaa huko, mtu hatoi asichokijua. Nampa London, na mabanzi yanatikisika, nadhani anacheka. Anasema, unao mmoja tu. Na kupitia ufa wa lango ananionyesha, mji wetu, haukugeuzwa, misikiti miwili na mabati mekundu, na bondeni ng'ambo shule, na katika chumba kimoja cha shule madawati kumi na moja, na kwenye dawati la karibu na dirisha mwanamke wa kitenge cha njano anainamia karatasi, anaandika kwa mwandiko wake wa duara, binti anakufa akimsamehe baba yake. Anaandika bila wasiwasi. Namwambia mwenyeji huo siutoi. Anasema ulishautoa, mimi nimekuja kuuchukua. Nasema subiri, nasema jibu ninalo, nasema chumba ni changu, ni mimi, ni mimi, na nje ni wa kumi na saba, na ananyoosha mkono kuuchukua mji, na mkono wake unagonga lango njiani, ngo.

Ngo. Macho yangu yamefumbuka na juu ni mabati ya karakana. Maranda yako mdomoni, nayatema. Mlango wa mninga umeegemea ukuta, hauna fremu, nyuma yake ni ukuta. Ngo, ng'ambo ya bonde, na sijui ni mara ya ngapi, sijui kama nimelala ya pili ikapita, au kama hii ndiyo ya pili, au kama ni ile ile ya kwanza na sikulala kabisa. Mtu amesimama kwenye uwazi wa mlango wa nje. Jua la saa saba liko mgongoni mwake na uso hauonekani, pale pa uso ni weusi laini tu, na kiunoni kitenge cha njano. Ana kalamu mbili na rula, na karatasi ya beti zangu, ninayoijua kwa mikunjo yake. Anasema, wenzangu wametangulia, nimekupitia wewe. Hebu nisikilize ule wa tisa, Sengondo, unanipotea kila nikifika kwenye magoti.

Nakaa mezani miguu ikining'inia. Ukutani, karibu na makopo ya gundi, kuna kioo cha kabati ninachosubiri kukifunga, na ndani ya kioo naona mji wetu kupitia mlango, umegeuzwa, watu wawili wanashuka kushoto kwenda bondeni ambapo hapa wanashuka kulia. Natazama huku. Natazama kule. Kote kuna mwanamke asiye na uso akingoja nimwambie afanye nini. Kama hii ndiyo ndoto, basi linalosemwa linakuwa. Na kama siyo, pia linakuwa, litakuwa kwa wino, mbele ya mtu mgeni mwenye kalamu nyekundu. Namfikiria Chedieli, nahesabu watakavyonitazama, nalitazama lile jina, Malenga, likilegea kwenye bawaba zake. Kinywa kinajiandaa, nakisikia, ubeti wa tisa umeshafika nyuma ya meno, mzuri, umepigwa randa. Mkono wangu wa kulia umeshika ukingo wa meza na vidole havitaki kuachia, nami naviachisha kimoja kimoja, kidole gumba mwisho.

Vipi, anasema Nakiete. Umeusahau na wewe?

Nashuka. Namkaribia mpaka jua linaacha kunipiga machoni, na sijui bado kama nitakuta uso, na nasema polepole, nikisikiliza kila neno lisije likapata kina cha shairi.

Dada, ile sehemu ya tano sijawahi kuisoma, hakuna aliyeisoma, niliitunga humu. Nakuahidi, tukifika getini, kabla hawajagonga ya mwisho, nitasimama mbele ya wenzako kumi na kuwaambia hivi hivi kwamba sijui kama yule baba alifungua. Wewe andika zile nne, uishie pale mkono ulipo juu ya komeo. Na mimi nitakaa nje ya geti mpaka utoke.